Ulimwengu una kikomo au hauna? Kwanza tutenganishe "ukingo" na "kikomo"

#1 Mleta mada

Habari za wakati huu wakuu.

Swali hili kila likiletwa mjadala unaishia pale pale. Mmoja anasema haiwezekani kitu kisiwe na mwisho, mwingine anamuuliza "sasa baada ya huo mwisho kuna nini?", basi kila mtu anashika lake na mada inakufa. Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa, na nimeona tunagombana kwa sababu tunayachanganya maswali matatu yakawa moja. Tunaona hadi umbali gani? Je, kuna ukingo? Na je, jumla ya nafasi yote iliyopo inapimika? Majibu yake hayafanani kabisa.

Ubishi wenyewe ni wa kale. Archytas, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuliza: nikisimama kwenye ukingo wa ulimwengu, je, naweza kunyoosha mkono au fimbo yangu nje? Nikiweza, basi pale hapakuwa ukingo. Nikishindwa, kuna kitu kinanizuia, na hicho kitu nacho kina mahali pake. Hoja ilikaa zaidi ya miaka elfu mbili ikionekana haina jibu. Lakini itazameni tena taratibu. Alichokionyesha Archytas ni kwamba hakuna ukingo. Hakuonyesha kwamba hakuna kikomo. Nitarudi hapo, maana ndipo uzi huu wote unapoelekea.

Tuanze na kile tunachokiona. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, mwendo mkubwa ila una mpaka, kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Darubini ya James Webb imeipiga picha galaksi (kundi kubwa mno la nyota) inayoitwa JADES-GS-z14-0, ambayo mwanga wake ulianza safari wakati ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300. Nyuma zaidi ya hapo kuna pazia. Kwa miaka kama 380,000 ya mwanzo kila kitu kilikuwa gesi ya moto, nzito kama ukungu, mwanga haupenyi. Ukungu ulipotoweka, mwanga ukaachiwa, na ndio huo unatufikia hadi leo kutoka kila upande wa anga.

Waliounasa ni Arno Penzias na Robert Wilson, New Jersey, Marekani, mwaka 1964. Antena yao ilikuwa na mvumo ambao haukukoma, mchana wala usiku, waielekeze popote. Walifika mahali pa kuondoa njiwa waliojenga humo na kusafisha kinyesi chao, mvumo ukabaki. Kilikuwa kile kile kivuli cha moto wa mwanzo, ambacho sasa kimepoa hadi nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Wenye kukumbuka TV za zamani, zile chenga zilizokuwa zinajaa kwenye skrini stesheni ikikatika, sehemu yake ndogo ilikuwa mwanga huo. Mtu alikuwa anatazama mwanzo wa ulimwengu akidhani TV imeharibika.

Leo sehemu iliyoutoa mwanga huo ipo umbali wa kama miaka nuru bilioni 46 kutoka kwetu (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Pande zote mbili zikijumlishwa ni bilioni 93 hivi. Hapo ndipo watu wengi wanaposema "ukubwa wa ulimwengu ni miaka nuru bilioni 93". Ni kweli, ila ni kweli ya upeo wa macho. Nahodha katikati ya bahari anaona duara la maji limemzunguka, naye yuko katikati kabisa. Meli nyingine iliyo mbali nayo ina duara lake, na nahodha wake naye yuko katikati. Hakuna kati yao aliyeuona ukubwa wa bahari.

Naomba tujadili kwa utulivu. Maswali karibuni.

#2 Mdau

Mkuu shukrani, naweka kambi hapa. Ila umeniacha njiani. Umri ni bilioni 13.8 halafu umbali ni bilioni 46? Mwanga umeupata wapi muda wa kutembea umbali huo? Si tuliambiwa hakuna kinachoupita mwanga mbio?

#3 Mleta mada

Swali zuri sana mkuu, na mimi lilinikwamisha muda mrefu.

Chukua ukanda wa mpira, mweke sisimizi ncha moja atembee kwenda ncha ya pili, huku wewe unauvuta taratibu. Sisimizi hakuongeza mwendo hata kidogo. Lakini akifika, ule mpira aliokwisha kuupita nyuma yake nao umerefuka, kwa hiyo ukipima alikotoka utakuta ni mbali kuliko hatua alizopiga. Nafasi yenyewe ndiyo inayovutika. Mwanga haukupitwa na kitu chochote kilichokuwa kinashindana nao.

Kuna tarakimu moja kwenye jambo hili ambayo huwa inanisimamisha. Mwanga ule wa mwanzo ulipoachiwa, mahali ulipotoka palikuwa umbali wa kama miaka nuru milioni 42 tu kutoka hapa. Milioni, si bilioni. Nafasi imetanuka kama mara 1,100 tangu wakati huo, mwanga ukawa unapiga hatua huku njia inarefuka mbele yake, ukachukua miaka bilioni 13.8 kuimaliza safari. Na kutanuka huko huko ndiko kulikoupoza, kutoka nyuzi kama 3,000 hadi hizo 2.7.

#4 Mdau

Mimi naona jibu liko wazi na tunazunguka tu. Ulimwengu ulianza kwenye nukta ndogo kuliko ncha ya sindano, ukalipuka, ukaanza kutanuka. Kitu kilichoanza kidogo hakiwezi kugeuka kuwa kisicho na kikomo hata kitanuke miaka mingapi. Una kikomo. Tufunge uzi.

#5 Mleta mada

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi. Kilicho na kikomo hakigeuki kuwa kisicho na kikomo. Kosa liko kwenye ile nukta.

Kilichokuwa kidogo kama ncha ya sindano ni sehemu tunayoiona leo, lile duara la nahodha. Hakuna kipimo kinachosema kwamba ulimwengu wote ulikuwa humo. Jina "Mlipuko Mkuu" nalo linatuponza, linatupa picha ya bomu lililolipuka mahali fulani gizani na vipande vikaruka kuelekea nje. Hapakuwa na "nje", wala hapakuwa na mahali fulani. Ulitokea kila mahali kwa pamoja.

Jaribu hivi. Andika namba kwenye mstari: 0, 1, 2, 3, 4, na kuendelea bila kukoma, na upande wa hasi vivyo hivyo. Sasa zidisha zote kwa 2. Waliokuwa majirani wameachana maradufu, kwa hiyo mstari umetanuka, lakini haukuwa mfupi hapo kabla. Rudi nyuma: gawanya kwa 2, gawanya tena, gawanya mara milioni. Namba zinabanana hadi zinakaribia kugusana, na mstari bado hauna mwisho. Kama ulimwengu hauna kikomo leo, basi haukuwa nacho hata sekunde ya kwanza. Ulikuwa umebanana tu. Kama una kikomo leo, ulikuwa nacho tangu mwanzo. Mlipuko Mkuu unakubaliana na yote mawili, hauamui.

#6 Mdau

Mkuu, vipi kuhusu giza la usiku? Nilisoma kwamba kama nyota zingekuwa hazina idadi, anga lote lingewaka usiku kama mchana, kwa sababu kokote utakakotazama jicho lingekutana na nyota. Kwa kuwa usiku ni mweusi, nyota zina kikomo. Hii nayo unaikataa?

#7 Mleta mada

Siikatai, naipenda mno. Ni kama kusimama katikati ya msitu mkubwa: kokote ukielekeza macho utakutana na shina la mti, la karibu au la mbali. Mwanaastronomia Kepler aliitumia mwaka 1610 kutetea kwamba ulimwengu una kikomo, na baadaye Heinrich Olbers akaiandika mwaka 1823 hadi ikabeba jina lake.

Lakini inathibitisha kikomo cha umri, si cha ukubwa. Msitu unaweza kuwa hauna mwisho, ila kama mwanga umeanza kutembea miaka bilioni 13.8 iliyopita, mashina ya mbali hayajatufikia.

Halafu kuna hili, wakuu. Kokote unakoangalia usiku, nyuma ya nyota na galaksi zote, jicho lako kweli linakutana na ukuta unaowaka: ule moto wa mwanzo niliousema. Umezunguka anga lote bila kuacha pengo. Mawimbi yake yamevutika mara 1,100, yakatoka kwenye mwanga unaoonekana yakaingia kwenye mawimbi ya redio na maikrowevu ambayo macho yetu hayayapati. Olbers alitarajia anga linalong'aa pote, na lipo.

#8 Mdau

Nimefuatilia tangu juu. Mimi niko upande wa Archytas. Toa maneno yote ya kisayansi, niambie jambo moja tu: kama una kikomo, ng'ambo yake kuna nini? Huwezi kunijibu. Kwa hiyo hauna kikomo.

#9 Mleta mada

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Sisimizi anatembea juu ya mpira. Hajui juu wala chini, anajua mbele, nyuma, kushoto, kulia. Anatembea miaka na miaka, hakutani na ukuta, hakutani na shimo, hakuna mahali anapoweza kunyoosha mguu akasema "hapa ndipo pameishia". Ulimwengu wake hauna ukingo. Lakini ukitaka kuupaka rangi, rangi itatosha. Eneo lake linapimika, lina kikomo. Ukimuuliza "ng'ambo ya kikomo kuna nini?", swali lenyewe halina pa kusimama, kwa sababu hakuna mstari unaoweza kuwa na ng'ambo.

Mjerumani Bernhard Riemann alionyesha mwaka 1854 kwamba jambo hili linawezekana pia kwa nafasi yenye pande tatu kama yetu. Na mwaka 1917, Einstein alipoelekeza hesabu zake za mvutano kwenye ulimwengu mzima kwa mara ya kwanza, alipendekeza ulimwengu wa namna hiyo hiyo: una ujazo unaopimika, hauna ukingo. Alikosea jambo moja, alidhani umetulia tu, hautanuki wala haunywei. Alexander Friedmann wa Urusi mwaka 1922, kisha Georges Lemaître wa Ubelgiji mwaka 1927, wakaonyesha kwamba hesabu hizo hizo zinaruhusu ulimwengu unaotanuka, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kutukimbia.

Sasa, sisimizi atajuaje kwamba yuko juu ya mpira? Achore pembetatu kubwa. Kwenye karatasi iliyonyooka, pembe tatu zikijumlishwa ni digrii 180. Kwenye mpira zinazidi. Kwenye umbo la tandiko la farasi zinapungua. Hahitaji kutoka nje ya ulimwengu wake ili kuujua umbo.

Sisi nasi tunaweza kuchora pembetatu hiyo, na imeshachorwa. Katika ile gesi ya mwanzo mawimbi ya sauti yalikuwa yanasafiri, na tunajua yalifika umbali gani kabla ukungu haujatoweka. Yameacha mabaka, mengine yana joto zaidi kidogo, mengine pungufu, tofauti ndogo sana ya kama sehemu moja kwa laki moja. Upana wa baka unajulikana, umbali wake unajulikana. Kilichobaki ni kupima pembe inayofika machoni kwetu. Nafasi ingekuwa imepinda kama mpira, mabaka yangeonekana makubwa zaidi. Ingekuwa kama tandiko, madogo zaidi. Ikiwa imenyooka, yanapaswa kuwa na upana wa kama digrii moja. Nyoosha mkono wako, tazama kidole cha mwisho: upana wake ni kama digrii moja, sawa na Mwezi mpevu miwili ikiwekwa ubavu kwa ubavu.

Mwishoni mwa mwaka 1998 puto lenye darubini iliyoitwa BOOMERanG lilirushwa juu ya Antaktika, matokeo yakatoka mwaka 2000. Digrii moja. Satelaiti ya WMAP, digrii moja. Satelaiti ya Planck iliyorushwa mwaka 2009 ikapima kwa umakini zaidi, na vipimo vyake vikiunganishwa na ramani za galaksi vinasema nafasi imenyooka, na kama kuna kosa ni la sehemu kama 2 kwa 1,000.

#10 Mdau

Basi imekwisha! Nafasi imenyooka, haijapinda, kwa hiyo haijirudii kama mpira. Hauna kikomo. Mkuu umejimaliza mwenyewe hapo.

#11 Mleta mada

Subiri mkuu, hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kuliko yote, hata kwenye maandishi ya watu waliosoma sana. Lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni ya kipimo. "Imenyooka kwa kosa la 2 kwa 1,000" si sawa na "imenyooka kabisa". Uwanja wa mpira unaonekana bapa ingawa umejengwa juu ya Dunia ya mviringo. Inawezekana ulimwengu ni tufe, ila kubwa kiasi kwamba kipande tunachokiona hakionyeshi mpindo. Ukiyashika makosa hayo ya kipimo na kupiga hesabu, tufe hilo lingekuwa na ujazo wa angalau mamia ya mara ya sehemu tunayoiona. Alan Guth alipendekeza mwaka 1981 kwamba mwanzoni kabisa kulikuwa na utanukaji wa ghafla mno, na utanukaji huo ungekinyoosha karibu kitu chochote, kilichopinda na kisichopinda. Kwa hiyo unyoofu tunaouona ndio tuliopaswa kuuona vyovyote vile.

Ya pili naipenda zaidi, na naomba kila mmoja aijaribu kwa mikono yake. Chukua karatasi, chora pembetatu, pima pembe: 180. Sasa iviringishe karatasi iwe bomba, ncha mbili zikutane. Pima tena. Bado ni 180! Mistari haikuvutika, pembe hazikubadilika. Karatasi kwa maana ya jiometri bado imenyooka, na sisimizi aliye juu yake hawezi kuona tofauti kwa kupima pembetatu. Lakini akitembea kulizunguka bomba, anarudi alipoanzia. Ni kama ile michezo ya zamani ya kompyuta, ukitoka upande wa kulia wa skrini unaingilia kushoto.

Kwa nafasi ya pande tatu, wanahisabati wamehesabu namna 18 za nafasi iliyonyooka kabisa, na 10 kati yake zina ujazo wenye kikomo. Kumi! Zote zingeipa Planck jibu lile lile la digrii moja.

#12 Mdau

Aisee. Sasa hapo tutajuaje? Kama ulimwengu unajirudia, si tungeiona galaksi yetu wenyewe kwa mbele, kama mtu anayeuona mgongo wake?

#13 Mleta mada

Ndivyo ilivyo, kama mzunguko wake ni mdogo kuliko upeo wetu. Shida ni kwamba tungeiona ilivyokuwa zamani. Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, ya miaka bilioni 10 iliyopita haifanani na ya leo, tena tungeitazama kwa upande mwingine. Inaweza kuwa kwenye picha tulizonazo na tusiitambue.

Ndiyo maana mwaka 1998 Neil Cornish, David Spergel na Glenn Starkman walipendekeza tusitafute galaksi, tutafute duara. Ule ukuta wa mwanga wa mwanzo ni tufe kubwa linalotuzunguka. Kama nafasi inajirudia, tufe hilo linakutana na nafsi yake, na mahali tufe mbili zinapokatana ni duara. Duara hilo hilo tungeliona mara mbili, pande mbili tofauti za anga, likiwa na mfululizo ule ule wa mabaka ya joto na baridi. Halizeeki, kwa sababu pande zote mbili zinaonyesha wakati ule ule. Ni wazo safi sana, kila nikilifikiria najisikia furaha.

Wakatafuta kwenye ramani ya WMAP. Mwaka 2003 Jean-Pierre Luminet wa Ufaransa na wenzake walikuwa wamependekeza umbo lenye nyuso 12, kila uso ukiungana na wa mkabala wake, kwa sababu mabaka makubwa kabisa ya angani yanaonekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba hakuna nafasi ya mawimbi marefu hivyo. Kamba ya gitaa haiwezi kubeba wimbi refu kuliko inavyoruhusu. Mwaka 2004 kina Cornish wakatoa matokeo: kwa maumbo waliyoyachunguza, duara pacha halikuonekana, na ulimwengu hauwezi kuwa na upana chini ya miaka nuru bilioni 78. Planck nayo ikatafuta, haikuona.

#14 Mdau

Samahani kuingilia. Kwangu mimi asiye na kikomo ni Muumba peke yake. Kilichoumbwa lazima kiwe na kipimo. Sidhani kama hili linahitaji darubini.

#15 Mleta mada

Karibu sana ndugu, na hoja yako ina ukoo mkubwa. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad, aliitetea kwa mantiki tupu. Alisema: chukua kitu kisicho na kikomo, kiondolee kipande. Kilichobaki kina kikomo au hakina? Kama kinacho, basi ukikirudishia kipande chenye kikomo, jumla nayo ina kikomo, kinyume na ulivyosema. Kama hakina, basi sehemu imekuwa sawa na nzima, jambo ambalo ni mgongano. Kwa hiyo mwili wa ulimwengu lazima uwe na kikomo.

Hoja nzito. Ilikuja kujibiwa karne ya 19 na mwanahisabati Georg Cantor, aliyekubali kile ambacho al-Kindi alikiona mgongano. Panga namba zote: 1, 2, 3, 4. Chini yake panga namba shufwa: 2, 4, 6, 8. Kila moja ya juu ina mwenzake wa chini, hakuna anayebaki. Sehemu imelingana na nzima, na hesabu haijavunjika. Kwa hiyo mantiki pekee haimkatazi ulimwengu kutokuwa na kikomo. Ila David Hilbert, aliyemtetea Cantor kuliko mtu yeyote, alisema mwaka 1925 kwamba kisicho na kikomo hakipatikani popote katika maumbile, kina makao kwenye fikra tu. Kwa hiyo hauko peke yako.

Na kuna sababu ya kuogopa kidogo. Kama nafasi haina kikomo na vitu vimesambaa humo kama vilivyosambaa huku kwetu, basi namna za kupanga chembe ndani ya eneo fulani ni nyingi mno lakini zina idadi. Idadi ikiisha, mipangilio inaanza kujirudia. Mbali kupita kiasi kuna mtu anayesoma uzi kama huu. Wapo wanafizikia wanaolikubali hilo bila wasiwasi. Mimi linanifanya nisite.

#16 Mdau

Sasa mkuu tueleze wewe binafsi unaamini nini. Umejibu wote, msimamo wako hatujaupata.

#17 Mleta mada

Haki yako. Msimamo wangu ni kwamba hakuna mwenye haki ya kutamka "sayansi imethibitisha hauna kikomo", na hatakuwepo. Maswali haya mawili hayana usawa. Kikomo kinaweza kugunduliwa: duara pacha moja tu likipatikana angani, au mpindo mdogo wa namna ya mpira unaozidi kosa la kipimo, jambo limeonekana. Lakini kutokuwa na kikomo hakupimiki. Hata upime hadi wapi, utakuwa umepima hadi hapo tu.

Wanafizikia wanatumia ulimwengu ulionyooka na usio na kikomo kwenye hesabu zao kwa sababu ndio rahisi kuliko yote na unakubaliana na vipimo. Hilo ni sawa kabisa kwa kazi. Likigeuzwa kuwa habari iliyothibitishwa, tunadanganyana.

Na muda hautusaidii sana. Mwaka 1998 timu mbili ziligundua kwamba utanukaji unaongeza kasi, kazi iliyowapa Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess tuzo ya Nobel mwaka 2011. Maana yake kuna maeneo ambayo mwanga wake hautatufikia kamwe. Upeo wetu wa leo ni bilioni 46, na hata tungesubiri milele, maeneo ya mbali kabisa tutakayoweza kuyaona ni yale ambayo kwa vipimo vya leo yako umbali wa kama bilioni 62. Dirisha limekaribia kujaa. Kama ulimwengu unajirudia kwa mzunguko mkubwa kuliko huo, hakuna darubini itakayouona, ya sasa wala ya wajukuu zetu.

Lakini ndani ya dirisha hilo bado kuna kazi. Mwaka 2024 kundi la watafiti, Starkman yule yule akiwemo, lilionyesha kwamba kukosekana kwa duara pacha kumeyafuta maumbo machache kuliko tulivyodhani. Kuna maumbo yanayojirudia kwa kujipinda, ambayo yanaweza kuwa na ukubwa wa kawaida tu na yakaacha alama yake kwenye mpangilio wa mabaka bila kuacha duara. Hayo ndiyo ningependa kuyaona yakichunguzwa kabla sijafa.

#18 Mdau

Mkuu mimi ni wa #10. Nimefanya lile la karatasi. Pembe kweli hazikubadilika, nimepima mara mbili. Ila nimeona jambo jingine. Mstari niliouchora kulizunguka bomba umejifunga vizuri, lakini niliouchora mshazari haukurudi ulipoanzia, umezunguka kama skrubu ukapita pembeni. Nimekosea wapi?

#19 Mleta mada

Hujakosea popote, umegundua mwenyewe. Kwenye tufe kila mstari ulionyooka unarudi nyumbani, uelekee kokote. Kwenye bomba ni baadhi ya pande tu. Ndiyo maana ulimwengu wa namna hiyo haufanani pande zote hata kama kila mahali pamenyooka, na ndiyo maana wanatafuta mabaka yanayopendelea upande fulani wa anga.

Sasa ichukue karatasi hiyo hiyo ujaribu kuufunika mpira bila kuikunja wala kuichana, halafu urudi utuambie.